Shukeni kwenye boneti

Wiki hii ile picha imerudi tena kwenye magrupu: mpiga kamera kajilaza juu ya boneti, kiunoni kafungwa kamba ya katani iliyopitishwa madirishani, gari linatembea, na nyuma yake bodaboda tatu na takisi inayochomekea. Chini ya picha, pongezi. Kujituma! Hivi ndivyo sinema ya Uganda inavyojengwa! La. Hivi ndivyo mtu anavyovunjika uti wa mgongo kwa ajili ya dakika mbili za mume na mke kugombania simu.

Huko ndani, mwigizaji ndiye anayeendesha. Ana kazi tatu: kukumbuka maneno, kulia panapotakiwa, na kumkwepa mtu wa boda aliyetokea kushoto bila taa. Moja itamponyoka. Tuombe yawe maneno.

Sini ya mazungumzo ndani ya gari, kwa mifuko yetu hii, ipigwe usiku, gari limesimama uani. Mtazamaji haoni gari likienda. Anaona mwanga ukipita juu ya nyuso. Basi kitembee mwanga.

Tafuta ua wenye giza, nyuma ya gari uning'inize kitambaa cheusi cha soko la Owino, Kampala. Breki ya mkono juu, mawe kwenye magurudumu. Ubao wa mita tatu kutoka kwa wauza mbao wa Ndeeba uingie chini ya fremu ya gari kwa nyuma, ukiegemea tairi kuukuu. Chini ya fremu, jamani, si chini ya bampa. Bampa za plastiki hupasuka na gari mara nyingi ni la kuazima. Kijana mmoja anaubonyeza ubao: mara mbili kwa haraka, kimya, mara moja, kimya kirefu. Wengi huharibu hapa. Wanatikisa kwa mpigo mmoja kama wanambembeleza mtoto, na gari linageuka susu.

Taa za barabarani ni taa moja ya LED iliyofunikwa karatasi ya rangi ya machungwa, ikafungwa kwenye ufito. Inapita juu ya paa kutoka kioo cha mbele kwenda nyuma. Gari la kilomita 50 kwa saa, nguzo zikiwa zimeachana mita 40 hivi, hukuta taa kila baada ya sekunde tatu. Hesabu kwa mdomo. Ikifika nyuma, zima au funika kabla ya kuirudisha. Ukiirudisha inawaka, mume na mke wanarudi kinyumenyume hadi Masaka.

Kwa gari linalokuja mbele, funga tochi mbili kwenye fimbo, ziachane mita moja na robo hivi. Mtu aanzie mita kumi na tano mbele, aje mbiombio, apite upande wa kulia. Kulia! Tunaendesha kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo mwanga humkumba dereva kwanza, kisha unatokomea ubavuni mwake. Abiria anapata masalia tu. Nimechoka kuona mwanga huo ukipita dirisha la abiria. Maana yake huyo bwana yuko kwenye njia ya wenzake na bado analalamikia meseji.

Kwa kioo cha nyuma, tumia lenzi ya milimita 50 au 85, tundu la lenzi liwe wazi hadi f/2 au f/2.8, kisha tandaza taa za Krismasi mita nane hadi kumi nyuma ya gari. Zinageuka viduara laini. Mtu azisogeze taratibu. Ongeza taa mbili nyeupe zinazochezacheza kidogo, tayari kuna gari linalowafuata. Kamera ipige shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde kwa picha 25 kwa sekunde, taa zisipepese, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Taa za LED za bei rahisi ukizipunguza kwa kitufe huanza kupepesa. Zipunguze kwa karatasi au kitambaa.

Na kama sini ni ya jamu ya magari ya Jinja Road, hata ubao hauhitajiki. Taa nyekundu mbele inayowaka na kufifia, kivuli cha muuza maji kinapita dirishani, basi.

Faida kubwa ni sauti. Injini imezimwa, feni imezimwa, maiki ndogo mbili zimebandikwa nyuma ya kinga-jua, kila mwigizaji na yake. Kwenye gari linalotembea unarekodi gia, tairi na honi, kisha mhariri anaambiwa "utasafisha". Atasafisha nini? Honi ikishakaa juu ya neno, neno limekwenda. Mngurumo upate baadaye: gari lilelile, barabara ya kweli, watu wote wanyamaze, dakika tano kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa na tano kwa 80, ulaze chini ya mazungumzo. Jenereta ikae mita 50 nyuma ya nyumba. Betri ya gari iunganishwe na chaja, vinginevyo taa za dashibodi zitaimaliza na alfajiri mtasukuma. Kati ya teki na teki, yaani kila mnapomaliza kupiga sini mara moja, fungueni milango: watu wawili vioo vikiwa juu, mvuke unatanda, na shoti hazitaungana.

Kuhusu waigizaji neno moja: mikono itulie. Usukani si mwiko wa kusongea posho, yaani ugali. Na dereva anayemtazama mkewe sekunde sita mfululizo alishagonga zamani.

Haya, mchana. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mchana ubao haudanganyi mtu. Miti lazima ipite. Lakini hata hapo mwigizaji asiendeshe. Piga uso wa abiria huku dereva halisi, nje ya fremu, akiendesha kilomita 30 kwa saa. Kwa uso wa dereva, gari livutwe kwa chuma cha pembetatu kilichochomelewa na mafundi wa Katwe, si kamba, na mwongozaji akae kwenye gari linalovuta. Ukilipakia juu ya brekidauni litakaa juu mno, na dirishani zitapita paa za takisi kana kwamba wanandoa wamepanda ndege. Vinyonyeo vya kamera, vile vikombe vya mpira vinavyoibandika kwenye gari, vioshewe kioo kwa spiriti kwanza, kwa sababu vumbi jekundu huvibandua kwenye tuta la kwanza, na kamba ya pili iwepo siku zote. Piga saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mchana jua liko utosini na nyuso zinazama kwenye kivuli cha paa. Barabara ya kulipia ya Entebbe inavutia, lakini husimami ovyo, na kila ukirudia ni shilingi 5,000 nyingine.

Jioni nayo isahau. Hapa karibu na ikweta, jua likishazama una dakika ishirini hivi za mwanga wa buluu, yaani teki moja na ugomvi. Rudi uani, weka taa ya buluu hafifu kila dirisha, na machweo yatadumu hadi usiku wa manane.

Barua ya ruhusa ya polisi kwa sini za mchana ni lazima, sibishani. Na waandishi, mnaweza pia kuwagombanisha mume na mke jikoni.

Kijana wa ubao aandikwe kwenye majina ya mwisho na apewe rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya kwanza kutoka kwenye kikaango. Yule wa boneti, kama bado ameshikilia waipa, mwambieni ashuke. Ufito wa taa hauna mtu.