Kula barabarani Bangkok: tumbo sio ishu kubwa, ishu ni karai

Mtu yeyote anayejiandaa kwenda Bangkok kuchukua mzigo lazima aulize, hivi nile barabarani au nisile, na majibu anayopewa huwa mawili tu. Kuna wanaosema kula bana, tumbo lililozoea chipsi mayai na mishkaki ya stendi litashindwaje na Thailand. Na kuna wanaosema usithubutu, utalala na dripu huku mzigo umekaa tu godauni. Nimekula sana mitaani kule, hasa Pratunam kwenye nguo na Yaowarat kwa Wachina usiku, na naona hawa wote wanabishana pembeni ya jambo lenyewe.

Hili la tumbo kwanza. Kweli mtu aliyekulia kwetu ana kinga kidogo kumshinda Mzungu aliyetua jana, sikatai, ila kinga hiyo haimsaidii kwa wali uliokaa tangu asubuhi, maana kuna bakteria wa wali wanaoacha sumu na hiyo sumu hata ukiupasha moto tena haiondoki. Kwahiyo mimi sijiulizi chakula kiko barabarani au ndani, najiuliza kimetoka motoni saa ngapi. Chukua pad krapao, nyama ya kusaga na majani yanayofanana na kivumbasha. Yule mama anarusha vitunguu saumu na pilipili kwenye karai linalotoa moshi, watu wote foleni nzima mnakohoa, dakika mbili tatu sahani iko mbele yako na yai la kukaanga juu. Mdudu gani anapona pale? Halafu nenda hotelini asubuhi kwenye bafee, soseji na mayai yamekaa kwenye sinia la uvuguvugu tangu saa kumi na mbili na kila mtu anashika kijiko kilekile. Mara moja tu nimeugua kule na ilikuwa bafee ya hoteli niliyoilipia hela nzuri tu, sio barabarani.

Ila upande wa waoga nao wana point msiwacheke. Sio kila cha barabarani kinatoka motoni. Khao man gai, ule wali wa kuku unaopendwa na watu wetu kwa sababu hauna pilipili, kuku wake anachemshwa halafu anatundikwa kwenye kioo anakatwa kidogo kidogo, analiwa wa vuguvugu. Pale kinachokuokoa ni foleni, kuku hamalizi lisaa limoja ameisha. Ukimkuta ametundikwa saa tisa mchana na hakuna mteja, pita. Barafu nayo watu wanaiogopa bure, zile za mviringo zenye tundu katikati zinatoka kiwandani, mi naogopa zaidi ndoo ya maji ya kuoshea sahani, ile ikishakuwa na rangi ya chai naomba nifungiwe kwenye mfuko naondoka.

Sasa ishu ambayo kwa wengi wetu tusiokula nguruwe kwa dini ni kubwa kuliko kuhara na hata haitajwi sana ni kitimoto. Bangkok kitimoto iko kila mahali, moo ping, vile vijiti vya asubuhi vinavyonukia mtaa mzima, ni mishkaki ya kitimoto, ukiona Wathai wamepanga foleni kabla ya kazi usijidanganye ni ng'ombe. Na usiseme basi nitaagiza kuku. Niliwahi kusimama kwa mama mmoja nikaagiza krapao ya kuku, nikajifunza kabisa kusema mai sai mu, usiweke nguruwe, akacheka akakubali vizuri. Akamwaga maji kidogo kwenye karai, akalisugua kwa brashi ya mianzi mara tatu, akatupa kuku wangu mlemle alimotoka kupika nguruwe ya jamaa aliye mbele yangu, upawa uleule. Hajanidanganya hata kidogo, nguruwe hakuweka! Na tambi za kuku nazo mara nyingi supu yake ni ya mifupa ya nguruwe. Hapa wanaosema usile barabarani wanashinda kabisa, japo sababu yao sio ile wanayoisema.

Wanashinda lakini sio kila mtaa. Pale Ratchathewi, karibu tu na Pratunam, kuna Petchaburi Soi 7 (soi ni kichochoro) yenye msikiti na vibanda vya halali nje, na Sukhumvit Soi 3 kule Nana imejaa migahawa ya Kiarabu. Wauza roti za mikokoteni, zile za ndizi na maziwa mazito, wengi ni Waislamu. Kwahiyo ukitaka kula barabarani na dini yako inawezekana, ila unakula kwa ramani, huwezi kusimama popote njaa ilipokukuta, na utamu wenyewe wa chakula cha mtaani si ni huko kusimama popote.

Bei? Bei isikusumbue. Sahani ya barabarani baht 50 au 60 hivi, na kwenye kumbi za vyakula ndani ya mamoli kuna sahani zinazozidi hapo kidogo tu, una AC, una sinki la kunawia. Anayekula barabarani kwa kubana matumizi Bangkok habani sana. Na bei ya barabarani haina kanuni, Jay Fai ni mama anayepika kwa mkaa nje ya duka lake amevaa miwani mikubwa kama ya welding, alipata nyota ya Michelin, ule mwongozo wa migahawa bora, kwenye toleo la 2018 na kimanda chake cha kaa kinapita baht 1,000.

Serikali yenyewe haijui ishike lipi. 2017 jiji lilisema linawaondoa wachuuzi barabarani watembea kwa miguu wapite, kelele zikapigwa dunia nzima, wakasema wa Yaowarat na wa Khao San, mtaa wa watalii, watabaki. Singapore walishamaliza hilo zamani, wachuuzi wakaingizwa kwenye majengo yenye maji ya bomba na ukaguzi, na 2020 UNESCO ikaitambua kama urithi. Nimekula na kule. Tamu, safi, lakini jirani yako mezani hana sababu ya kukuonyesha jinsi ya kuchanganya ile mikebe minne ya sukari, siki, pilipili na mchuzi wa samaki, na mimi nilijifunza hivyo Bangkok kwa mzee mmoja aliyenihurumia nakula tambi hivihivi.

Iliyobaki ni som tam, papai bichi la kutwangwa. Haigusi moto hata sekunde, kinu ni kilekile siku nzima, na ile ya kaa inawekwa kaa mdogo mbichi wa chumvi. Kwa kipimo changu mwenyewe hiyo hailiki. Nimeila mara moja, tamu balaa, na nilihakikisha ndege yangu ni baada ya siku nne.