Kidoti Kimegeuzia Tegeta

Siku hiyo mke wangu aliniona Tegeta, na mimi nilikuwa nimekaa Tangi Bovu kwenye benchi la wakala wa pesa, natafuna mihogo ya kukaanga.

Nilikuwa nimetoka Makumbusho na Coaster ya Bunju, mchana wa jua la utosi. Nikapata siti ya nyuma kabisa, ile ndefu ambayo konda haamini kwamba inaweza kujaa. "Sogeeni hapo nyuma, bado mmoja!" Mnasogea. "Bado mmoja!" Siti zenyewe mnazijua: sponji imekwisha, na kati ya kiti na bodi kuna mwanya unaomeza chochote kinachotoka mfukoni. Tangi Bovu nikagonga bati, nikaruka gari likiwa bado linatambaa, maana kusimama kabisa ni hiari ya dereva. Vumbi lilipotulia, mfuko wa suruali ulikuwa mwepesi. Coaster nayo ilikuwa mgongo tu, inayoyoma kuelekea Africana.

Pale kituoni, upande wa kurudi mjini, kuna kijana wakala mwenye simu nyingi na roho nzuri. Akanipa moja niingie kwenye akaunti yangu, niitafute simu kwenye ramani. Neno la siri nililikumbuka, nikajisikia msomi. Kisha ukaja ujumbe: kwa usalama wako, tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako.

Ipi? Ile iliyo chini ya siti ya nyuma.

"Braza, huo ulinzi ni kiboko," wakala akasema. "Mwizi hapiti hapo."

"Hata mimi sipiti."

"Si ndiyo ulinzi wenyewe!"

Nikampigia mke wangu. Nikamweleza kwamba simu imepotelea kwenye daladala, niko Tangi Bovu, napiga kwa simu ya wakala. Akanyamaza kidogo.

"Tangi Bovu?"

"Tangi Bovu."

"Mbona naona uko Africana?"

Hapo ndipo nilipopata habari kwamba akaunti yangu ilikuwa wazi kwenye simu yake tangu Krismasi. Aliifungua kwa ajili ya usalama wangu, alisema. Nilikuwa na maswali, lakini haikuwa zamu yangu ya kuuliza.

"Sasa umepita Kunduchi. Kunduchi kuna nani?"

"Siyo mimi, mama, ni daladala."

"Sawa. Na hiyo daladala inakwenda kwa nani?"

Alikuja na bajaji, amejifunga kanga vizuri, macho hayatoki kwenye kioo. Alipofika akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akatazama simu, akanitazama tena.

"Kwa hiyo huyu wa Tegeta ni nani?"

Kidoti cha simu yangu kwenye ramani kilikuwa kimetulia Tegeta, jirani kabisa na jengo ambalo ramani ililiandika "lodge". Kikakaa. Kikaendelea kukaa. Nilianza kutokwa jasho kwa niaba ya simu. Wakala akaikuza ramani kwa vidole viwili, akagundua kwamba nyuma ya lodge kuna sehemu ya kuoshea magari.

"Shemeji, wanaosha gari hawa."

"Tutaona," mke wangu akasema.

Wakati huo abiria wa kwenda Makumbusho walishaanza kutuzunguka. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akauliza tunaangalia mpira gani.

"Si mpira, mama. Ni daladala. Iko Tegeta, ikitoka huko inakuja hapa."

"Mnaiona?"

"Tunaiona."

Akatua ndoo.

Nami namwelewa. Mkazi wa Dar hujui daladala iko wapi mpaka ikishakupita imejaa. Mabasi ya mikoani yana VTS, ule mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, unaoonyesha basi liko wapi na linakimbia kiasi gani, dereva akivuka 80 anajulikana ofisini kabla abiria hajaamka usingizini. Daladala ya mjini taarifa zake zote ziko mdomoni mwa konda, naye ukimuuliza tunaondoka saa ngapi, jibu ni "sasa hivi", hata kama gari lina watu watatu na dereva ameagiza chipsi. Nairobi walau vijana wa chuo kikuu, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walipanda matatu na simu zao wakirekodi kila njia na kila kituo, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130. Sisi pale Tangi Bovu tulikuwa na simu moja, na hata hiyo haikwenda kwa kujitolea.

Mara kidoti kikatikisika. Kikatoka kwenye maji, kikaingia barabara ya Bagamoyo, wote tukainama kukisindikiza Boko. Hakikwenda Boko. Kilirudi mjini.

"Bunju hawafiki?" akauliza dada mmoja mwenye sare za kazi.

Mzee wa barakashia aliyekuwa kimya muda wote akapandisha sauti. Kumbe ni mkazi wa Boko. "Kila siku wanatushusha Tegeta, wanasema gari ni bovu! Kila siku bovu! Kumbe linaoshwa!"

Sababu inajulikana. Dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, mafuta juu yake, na saa za mchana vichwa vya kuanzia Tegeta kwenda Bunju ni vya kuokoteza. Akigeuza mapema anawahi abiria wa mjini, ruti iliyoandikwa ubavuni ikabaki mapambo. Ni kosa lenye faini na wote wanajua. Ila siku zote walikuwa wanakatisha ruti gizani. Siku hiyo walikatisha mbele ya halaiki.

Hasira zilipopanda, kidoti kikaganda. "Ilionekana dakika 4 zilizopita." Baadaye 7. Baadaye 9. Wakala akatikisa kichwa kama daktari.

"Braza, ulijiunga bando gani?"

La siku. Na siku yake ilikuwa imeisha.

Mke wangu alitaka anunue, pochi ameiacha nyumbani. Mimi pesa zangu zote zilikuwa ndani ya simu, na simu inazunguka Tegeta. Basi mama wa samaki akatoa mia mbili, mzee wa Boko akatoa mia tano kwa shari, dada wa sare akaongezea, na wakala akanunua bando kwenda namba yangu. Watu wasiofahamiana wakaichangia intaneti daladala iliyokuwa inawadanganya. Kidoti kikaruka ghafla kutoka Tegeta mpaka Africana. Jezi ya Simba ikamkumbatia jezi ya Yanga.

"Piga mlio!" mtu akasema. "Ili waisikie!"

Mke wangu akabonyeza. Ule mlio ni wa sauti ya juu kabisa hata kama simu umeiziba mdomo, na unaendelea dakika tano.

Kilichotokea ndani ya gari nilisimuliwa na konda baadaye. Siti ya nyuma ikaanza kulia. Abiria wakasimama, wakapapasa, mkono hauingii mwanyani. Mmoja akaomba kushuka, akashushwa. Dereva naye, ambaye ametoka kugeuzia Tegeta na dhamira inamsuta, akafikia uamuzi wake: LATRA wamemfungia kifaa kwa siri, na sasa kinamshtaki.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo alipotokea Tangi Bovu na kukuta watu wametanda hadi barabarani, mbele yao mwanamke ameinua simu, mzee wa barakashia anapiga kelele, "Mmegeuzia Tegeta! Tumewaona! Mmeosha gari!"

Hakusimama. Nilimwona uso, macho yameelekezwa Mwenge, mikono yote miwili kwenye usukani, adabu ambayo sijawahi kuiona kwa dereva wa daladala. Kituo kizima kilichokuwa kinaisubiri gari hiyo kikijua mpaka dakika itakayofika kikabaki kinatazama namba zake za nyuma.

"Ahaa," mama wa samaki akaniambia, akijitwisha ndoo. "Kwa hiyo mmeifukuza."

Tukapanda bodaboda mishikaki, mimi katikati, mke wangu nyuma akimwelekeza dereva kwa kutumia kidoti: "Wako Lugalo! Wamenasa foleni Mwenge! Pita kushoto!" Tuliwakuta Makumbusho stendi, konda amejificha nyuma ya gari anajifanya anakagua tairi. Ilituchukua muda kumshawishi kwamba sisi si serikali. Aliposhawishika, akang'oa kiti. Chini yake kulikuwa na sarafu, kitana, soksi moja ya mtoto, na simu yangu, imejaa vumbi na maganda ya karanga.

Nikanyoosha mkono. Akaivuta kwake.

"Na nauli, bosi?"

"Nauli ya nini? Mimi nililipa."

"Wewe ulishuka. Hii imeendelea. Imefika mpaka Bunju, ikarudi mpaka hapa. Imekaa siti bosi, haijasimama."

Kabla sijajibu, mke wangu akamsogezea simu yake usoni, kwenye ule mstari unaopanda barabara ya Bagamoyo, unaokaa sana mahali fulani, kisha unarudi. Konda akaufuata kwa kidole chenye oili. Akafika pale unapokunjia. Akageuka kumtazama dereva, dereva akatazama juu.

"Haya, mama," akasema. "Leta ya Tegeta."