Wapangaji wa Kichwani

Nina koti jeusi la sufu, la mtumba wa soko la Gikomba, nililoliombea bei asubuhi nzima. Baridi ya Julai imefika na koti linaning'inia ukutani. Nikilivaa tu, kabla sijafika stejini mabega yameshanyunyiziwa unga. Jumatatu makanga aliniuliza mbele ya gari zima, "Mzee, leo umelala poshomili?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Ungefanya nini, na nauli ameshachukua?

Ni mba. Wala si ile ya kujikuna ukasahau. Yangu ilianzia utosini, ikashuka nyuma ya masikio, sasa imepiga kambi kwenye nyusi na pembeni mwa pua, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta wa ploti yetu. Kanisani najikuna kwa mfuniko wa kalamu, nimekunja uso nionekane natafakari mahubiri.

Na Nairobi ukiwa na ugonjwa unaoonekana, kila mtu ni daktari. Kinyozi alisema ni kofia, akanipaka spiriti nikaona nyota mchana. Shemeji akasema ni maji ya chumvi ya kisima. Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili, akaapa kwa kitunguu: saga, paka, lala nacho. Hicho sikukigusa. Heri mba kuliko kunuka kachumbari kwenye matatu. Kwa akili zangu mwenyewe nikaamua ni ukavu, nikajipaka mafuta: ya nazi leo, ya mzeituni kesho. Kichwa kikang'aa kama andazi. Mba nayo ikanenepa.

Binti wa duka la dawa ndiye aliyenikalisha chini. Kuna kuvu, akasema, anaitwa Malassezia, anaishi kichwani kwa kila mtu, tajiri na maskini, na chakula chake ni mafuta. Wengi wanakaa naye kwa amani. Wengine ngozi yao inamkasirikia, inawasha na kujibandua. Haambukizi, wala si uchafu. Baridi na mawazo humzidishia nguvu, na mawazo mimi ninayo ya kuuza. Basi miezi yote ile nilikuwa nampelekea mlo! Mimi, mpangaji wa mtaa wa Umoja ninayejificha kila tarehe 5, kumbe kichwani ni landilodi, na wapangaji wangu kodi hawalipi, na bado nawapikia.

Akanipa shampuu ya ketokonazoli, asilimia 2. Bei sitaitaja, mke wangu Mama Shiro husoma simu yangu. "Mara mbili kwa wiki, wiki 2 hadi 4," akasema. "Na usiioshe hapo hapo, baba. Iache dakika 5. Ikirudi, na huwa inarudi, unaanza tena."

Dakika 5! Huyu binti anaishi mtaa gani? Kwetu maji huja Jumanne na Ijumaa, yakipenda. Jumanne jioni nikaingia bafuni, nikapaka kichwa, masikio, hadi nyusi, povu likapanda. Nikasimama macho nimefumba, nahesabu kama mtoto anayecheza kujificha, mfereji nimeuacha unachuruzika ndani ya karai niusikie. Dakika ya tatu mfereji ukakohoa. Ukakohoa tena. Kikohozi kile, ukiwa umeishi Nairobi, hata usingizini unakijua. Ukatema tone moja la kutu, ukanyamaza. Karai lilikuwa na maji ya kuoshea kidole. Ndoo nayo tupu. Ilikuwa Jumanne, nilikuwa na imani.

Mama Shiro hajatoka kazini. Nikajifunga taulo, jicho moja nimelifumbua nusu, nikagonga kwa Mama Brayo. Akafungua. Akatazama povu, akatazama taulo, akarudi ndani, akaja na mtungi wa lita 20 umejaa. Muungwana kabisa, hakusema kitu. Nikaushika mpini kuuvuta. Haukuja. Upande wa pili bado ameushikilia.

"Baba Shiro," akasema polepole, kama mtu ambaye ugali wake umeshaiva na hana haraka, "kile kitunguu nilikuambia, ulipaka?"

Povu lilikuwa limeshaingia kwenye lile jicho lililobaki.

"Nilipaka, mama. Kimenisaidia sana."