Kiolezo cha tasnifu: anayelemazwa ni nani?

"Violezo vinawalemaza wanafunzi." Kauli hii nimeisikia kwa wahadhiri kadhaa hapa Nairobi, watu ninaowaheshimu, kila linapozuka suala la idara kuwapa wanafunzi wa uzamili faili iliyokwisha kupangwa: pambizo zimewekwa, vichwa vina mitindo yake, nambari za kurasa ziko mahali pake, mwanafunzi abaki na kazi ya kuandika tu. Wanasema msomi wa kiwango hicho anapaswa kuujua mwongozo wa uandishi kwa kuutenda, na kwamba aliyezoea kutafuniwa atakwama siku jarida litakapomdai mpangilio mwingine. Hoja hiyo ina uzito na nitairudia. Ila neno lenyewe, "kulemaza", limenikaa moyoni, kwa sababu kuna msomaji anayezibiwa njia na mazoea yetu ya sasa, naye hatajwi kabisa katika mjadala huu.

Tuanze na mazoea hayo. Idara hutoa kijitabu kinachoeleza tasnifu ionekane vipi: Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi mbili au moja na nusu kati ya mistari, pambizo pana kushoto kwa ajili ya jalada, kurasa za mwanzo kwa nambari za Kirumi, kisha hesabu ianze upya kwa 1 kwenye sura ya kwanza. Jinsi ya kuyafanya hayo mara nyingi hakisemi. Basi mwanafunzi huyatimiza kwa macho. Kichwa cha sura hukikoleza wino, hukikuza, hukisukuma katikati ya ukurasa. Yaliyomo huyachapa kwa mkono, nukta baada ya nukta hadi ukingo wa kulia, halafu nambari. Msimamizi akisema "ongeza aya mbili katika sura ya pili", nambari zote za chini ya hapo zimeshapotoka.

Hapo ndipo safari ya saiba huanza. Nilipokuwa nikikamilisha tasnifu yangu nilikaa katika duka moja hadi kijana wa kaunta alipoanza kuteremsha mlango, tukisahihisha yaliyomo kwa mara ya tatu juma lile. Alikuwa fundi kwelikweli. Alijua kutenganisha kurasa za Kirumi na za kawaida kwa kuikata faili sehemu mbili na kukata uhusiano wa vijachini vyake, jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kunionyesha. Nililipa, nikashukuru, na nikaondoka bila kujua alichofanya. Sitaki kumlaumu mtu kwa hilo. Nataka tu ionekane kwamba mwanafunzi anayedaiwa kujifunza kwa mkono mara nyingi hajifunzi. Ujuzi hubaki kaunta.

Mtindo, kwa lugha nyepesi, ni jina unalolipa fungu la maneno. Ukiteua "Heading 1" katika Word kwa kichwa cha sura, unaiambia programu kwamba hii ni sura. Rangi na ukubwa wa herufi ni nguo tu inayovishwa baadaye na inayoweza kubadilishwa kote kwa mara moja. Faili ya docx kwa ndani ni mafaili kadhaa ya XML, yaani maandishi yenye alama za maelezo, yaliyofungwa pamoja, na humo kila aya hubeba jina la mtindo wake. Kichwa kilichokolezwa wino tu hakina jina la kichwa. Kwa kompyuta, hicho ni sentensi fupi iliyopaazwa sauti. Kutokana na majina hayo programu hukusanya yaliyomo yenyewe, na mabadiliko ya kurasa huyafuata ukibonyeza F9.

Wengi huishia hapo: mitindo inaokoa muda. Ni kweli, lakini muda si jambo linalonisumbua.

Fikiria jinsi sisi tunaoona tunavyosoma tasnifu ya kurasa 150. Hatuianzi kwenye kiapo tukamalizia kwenye viambatisho. Tunapekua. Tunaruka hadi mbinu za utafiti, tunarudi kwenye maswali ya utafiti, tunachungulia majedwali ya sura ya nne, tunaifunga. Macho yanadaka kichwa kilichokolea na kusimama hapo. Sasa mfikirie kijana aliyetoka shule ya wasioona ya Thika akaingia chuo kikuu, ametumwa na mhadhiri wake apitie tasnifu 10 kwa ajili ya mapitio ya maandishi. Anatumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, pengine JAWS, au NVDA, programu iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na ambayo hutolewa bure. Naye anaweza kupekua kama sisi. Katika hali ya kuvinjari, ambapo vitufe huwa vya kuruka badala ya kuandika, akibonyeza H anarukia kichwa kinachofuata. Akibonyeza 1 anaruka sura kwa sura, akibonyeza 2 anapita kwenye vichwa vidogo. Vidole vyake vinafanya kazi ya macho yetu, na kwa kasi ambayo imenishangaza kila nilipoketi karibu na anayeifanya.

Lakini H hutafuta jina la mtindo. Herufi nzito haizijui. Katika tasnifu iliyopangwa kwa macho, anabonyeza H na kujibiwa kwamba hakuna kichwa kingine. Anabonyeza tena, jibu ni lile lile. Kilichobaki ni kusikiliza mstari kwa mstari: kiapo, tabaruku, shukrani kwa wazazi na kwa kamati ya kanisa, orodha ya vifupisho, yaliyomo yenye nambari za kurasa asizoweza kuzibofya. Mbinu za utafiti ziko mbali sana na hapo. Kisha bado kuna tasnifu tisa.

Mara nyingi madhara hayaishii kwa msomaji mmoja. Tasnifu zetu huwekwa katika hazina za mtandaoni za maktaba kama PDF, na hukaa humo miaka. Ukiihifadhi faili yenye mitindo kama PDF kutoka ndani ya Word, vichwa vinaweza kuhamia humo pamoja na alama zake. Ukipitia njia ya "kuprinti" kwenda PDF, alama hizo hupotea hata kama mitindo ilikuwepo. Na waandishi wa tasnifu za Kiswahili wana jambo lao la ziada, kwa kuwa mtindo hubeba pia lugha ya aya. Ikiachwa kwenye Kiingereza, ukurasa mzima unapigiwa mistari myekundu kana kwamba kila neno ni kosa, na faili inajitangaza kuwa ya lugha isiyo yake.

Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia, kwa kiasi cha kuridhisha, mahali pote, usafiri wa umma na habari. Tumezoea kuisoma ibara hiyo tukiwaza ngazi na lifti. Tasnifu isiyo na vichwa ni jengo la ghorofa lisilo na ngazi wala lifti, na sisi ndio tunaolijenga kila muhula.

Nirudi kwa wahadhiri. Wasiwasi wao kuhusu violezo hauko hewani, na anayevitetea bila kuyasema haya hajavitumia vya kutosha. Violezo huharibika. Mtindo ukiwekewa alama ya kujisasisha wenyewe, mwanafunzi anakoleza neno moja na nusu ya tasnifu inakolea. Aya iliyobandikwa kutoka WhatsApp au tovuti fulani huja na mitindo yake ya kigeni na kuvuruga nambari za vichwa. Anayeandikia kwenye simu ndani ya matatu hupata mitindo michache tu ya kuchagua, na faili ikihama kutoka Word kwenda LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, nambari za ngazi nyingi zinaweza kuteguka. Hata mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao vitivo vingi vya elimu na sayansi za jamii hapa huufuata, una vichwa vya ngazi ya nne na ya tano vinavyoanza mstari mmoja na aya yake. Hapo mtindo wa kawaida haukubali. Unahitaji kitenganishi cha mitindo, Ctrl, Alt na Enter kwa pamoja, na sijakutana na wengi wanaokijua.

Zaidi ya hayo, nakubali kabisa kwamba kiolezo kikitolewa bila maelezo hakifai kitu. Nimeona mafaili yaliyoanza kwenye kiolezo kizuri yakaishia na vichwa vya kukolezwa kwa mkono, kwa sababu mwenyewe hakuambiwa orodha ile ya mitindo ni ya nini. Katika hilo wahadhiri wana haki: kutenda kunafundisha.

Ninapotofautiana nao ni katika kile kinachostahili kutendwa. Kupima pambizo ya sentimita 2.54 kwa macho hakumfundishi mtu utafiti. Kuamua kama sehemu fulani ni kichwa cha ngazi ya pili au ya tatu kunamfundisha, kwa sababu anaulizwa hoja ipi iko chini ya ipi. Mitindo inamlazimisha kujibu swali hilo. Wino mzito unamruhusu kulikwepa. Na siku jarida litakapodai Arial 11 badala ya Times New Roman, aliyetumia mitindo atarekebisha mtindo wa aya za kawaida, vichwa vifuate, na jioni hiyo hiyo aitume makala. Atakayekwama ni yule aliyepanga kwa mkono, yule tuliyedhani tunamkomaza.

Kinachohitajika hakina gharama kubwa: faili moja ya kiolezo kando ya kijitabu, na saa moja ya kuionyesha katika somo la mbinu za utafiti. Asiye na Word afungue LibreOffice, ni bure, na mitindo yake iko kwenye F11. Fonti yake ya Liberation Serif ina upana sawa na Times New Roman, hivyo mistari haihami.

Na msimamizi, kabla hajatia saini fomu ya kuwasilisha, aifungue faili katika Word na abonyeze Ctrl na F. Kidirisha kitafunguka kushoto; achague upande wa vichwa. Sura zote zikijipanga hapo, aweke saini. Kidirisha kikiwa kitupu, amrudishie mwanafunzi faili yake, na amweleze ni nani asiyeweza kuisoma.