Mguu Anaokataa Kuuinua Huenda Sio Unaomuuma

Kwa miaka sita nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja la farasi upande wa Njoro, na kuna asubuhi moja ambayo bado inanisumbua. Fundi wa kukata kwato alikuja na koleo na tupa zake. Tulikuwa na jike mmoja mwekundu, mpole, aliyezoea kuinuliwa miguu tangu utotoni. Ya mbele aliitoa bila shida. Tulipofika mguu wa nyuma wa kushoto, akaunyakua. Mara ya pili akarusha teke. Fundi akasema huyu amekuwa mkaidi, akaomba kamba tumfunge mdomo wa juu na kuusokota. Jike akasimama, akitetemeka. Aliyeishika kamba ni mimi.

Siku mbili baadaye alikuwa akichechemea, na mguu wenyewe ni wa kulia. Daktari wa mifugo akanishika mkono akaniwekesha kiganja juu ya ukwato huo: ulikuwa moto kuliko ile mingine mitatu. Akanionyesha mahali pa kuweka vidole, nyuma ya kifundo, nikausikia mshipa ukigonga kwa nguvu. Kwa farasi mwenye afya pigo hilo hata kulipata ni kazi. Kisha akaubana ukwato kwa koleo la kupimia, kidogo kidogo kuuzunguka wayo, na alipokaribia ncha jike akaruka. Akachimba kidogo tu, usaha mweusi ukatoka. Lilikuwa jipu, kama yanavyojitokeza sana matope ya masika yakishalainisha kwato.

Tulipomwinua mguu wa kushoto, tulikuwa tunamlazimisha asimamie jipu. Alitukatalia kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na sisi tukamsokota mdomo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba farasi aliyekuwa akitoa miguu vizuri, kisha akaanza kukataa, ahesabiwe mgonjwa kwanza. Ukaidi tuutafute baadaye. Aulizwe mwenye kumtunza: ni mguu upi, na tangu lini? Anakataa ukimgusa tu, au ukiukunja? Akikataa kukunjwa, huenda shida iko juu, kwenye viungo vya mguu, nyonga au mgongo. Akivumilia dakika moja kisha akaunyakua, tazama ule aliousimamia. Farasi mzee mwenye viungo vilivyokakamaa mara nyingi hukubali ukimwinua chini chini, karibu na ardhi, na kumpumzisha kila baada ya muda mfupi.

Uso nao husema. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa kwenye uso wa farasi: masikio yaliyokakamaa kuelekea nyuma, macho yaliyofinywa, taya na pua zilizokazwa. Lakini fundi hufanya kazi ameinama, ameupa uso kisogo. Anayeuona ni saisi. Wengi wetu tulifundishwa kushika kamba na kunyamaza, na hilo ni kosa kubwa.

Simlaumu fundi kwa kuogopa. Teke la farasi huvunja mfupa, na yeye ana watoto wa kulisha. Tena, hata maumivu yakiisha, hofu hubaki. Yule jike alituchukua wiki kadhaa za kumshika mguu sekunde chache, kuuachilia, kumsifu, mpaka akatuamini tena. Ila kamba ile haikumlinda mtu. Ilimfundisha jike kwamba siku ya fundi ni siku ya mateso.

Wenye farasi nao wana sehemu yao. Pale nilipofanya kazi fundi alilipwa kwa kichwa, na ukwato ambao haujakatwa ulihesabiwa kazi ambayo haijaisha, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuharakisha. Mlipeni siku nzima. Na akiwaambia amekata kwato tatu, ya nne anamngoja daktari, mpeni pesa yake yote.