Acheni kuisingizia mbusd

Kosa namba 11 la Modbus, lugha ambayo mita na mitambo huzungumza, limerudi tena mjini. Mtu kafunga mita ishirini za umeme, za fezi tatu, kwenye kebo moja ya RS-485 (waya wa data ambao mita zote zinauchangia), kaweka mbusd, programu ya bure ya lango kati ya mtandao na kebo hiyo, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kafungua dashibodi yake: nusu ya mita zinasoma, nusu zinaleta 11. Hapohapo hukumu inatoka: "Vitu vya bure ndivyo vilivyo." Kinachofuata ni kuagiza lango la dukani, kisanduku cha bei mbaya, kukifunga kwenye waya uleule, na kupokea 11 ileile, safari hii ikiwa na nembo na cheti cha dhamana.

Namba 11, yaani 0x0B, haisemi kwamba lango limekufa. Inasema lango limepokea ombi lako, limelipeleka kwenye waya, limesubiri, limerudia, limesubiri tena, na hakuna aliyejibu. Lango lililokufa lisingekwambia chochote. Wahenga walishasema mjumbe hauawi, lakini kwenye viwanda vyetu mjumbe ndiye wa kwanza kunyongwa.

mbusd ni programu ndogo ya C, leseni yake ya BSD, na kazi yake ni moja. Inapokea Modbus TCP, yaani Modbus ya kwenye mtandao, inavua kichwa cha baiti 7, inabakiza anwani ya kifaa, inaongeza CRC (namba ya kuhakiki makosa) mwishoni, inasukuma kwenye siriali, yaani kwenye kebo ya RS-485. Jibu likija inafanya kinyume chake. Mipangilio yote unayohitaji inaenea kwenye karatasi ya risiti, ndani ya /etc/mbusd/mbusd-ttyUSB0.conf:

device = /dev/ttyUSB0
speed = 9600
mode = 8n1
port = 502
maxconn = 32
retries = 3
pause = 100
wait = 500

Kisha systemctl enable --now mbusd@ttyUSB0, umemaliza. Namba tatu za mwisho kwenye faili hilo, yaani retries (mara za kurudia ombi), pause (mapumziko kati ya maombi) na wait (muda wa kusubiri jibu), mbili hizi kwa milisekunde, ndizo za msingi ambazo programu inakuja nazo, na ndizo ambazo hakuna anayezisoma.

Hesabu. Watu hawataki kupiga hesabu.

Kwenye kasi ya 9600 (biti kwa sekunde) na 8N1 (biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kufunga, na moja ya kufungua), kila baiti ni biti 10, kwa hiyo inachukua milisekunde 1.04 kupita. Ombi la kusoma ni baiti 8: milisekunde 8. Mita ya kawaida inafikiri kama milisekunde 40 kabla ya kujibu. Ukisoma thamani moja tu, mathalani volti za fezi ya kwanza, hizo ni rejista mbili (visehemu vya kumbukumbu ya mita, vya baiti 2 kila kimoja), na jibu ni baiti 9: milisekunde 9 na ushee. Ongeza pause ya 100. Jumla ni kama 158. Unaona ni kidogo, eeh? Sasa fundi wetu anataka thamani 30 kwa kila mita, na ameziandika moja moja kwenye dashibodi, kila moja na ombi lake. Mara 30 ni sekunde 4.7. Mara mita 20 ni sekunde 95. Halafu kwenye dashibodi kaandika: soma kila sekunde 1. Kila sekunde! Anamwaga ndoo kwenye chupa halafu anailaumu shingo ya chupa.

Thamani hizohizo 30, kama rejista zake zinafuatana, zisome kwa ombi moja la rejista 60. Jibu linakuwa baiti 125, milisekunde 130. Pamoja na ombi, kufikiri na pause ni kama 278. Mita 20 zinaisha kwa sekunde 5.6. Shusha pause hadi 20 na unafika sekunde 4. Panda hadi 19200, kama mita zote zinakubali, na unakaribia sekunde 2.6. Hakuna kilichonunuliwa hapo. Ila pause usiishushe hadi 0: kwa 9600 itifaki yenyewe inadai ukimya wa herufi 3.5 kati ya ujumbe na ujumbe, kama milisekunde 4, na kuna mita zinazojikwaa hata ukiziachia 10.

Hiyo ni pale ambapo kila mita iko hai. Mita moja ikizimwa, lango linasubiri nusu sekunde, linarudia, linasubiri, linarudia. Kwa wait = 500 na retries = 3, mita moja iliyokufa inakula sekunde 2 hivi za waya ambao ni wa wote. Mita mbili zilizokufa zinakula 4, yaani mzunguko mzima uliohangaika kuufupisha. Na hapa ndipo mita nzima zinapoanza kuonekana mbovu: dashibodi imepangiwa kusubiri sekunde 1, inakata tamaa kabla ya lango, inatuma ombi jingine, na foleni inajaa maswali ambayo wenyewe wameshaondoka. Lango linaendelea kuyauliza kwa uaminifu wake wote. Ndiyo hiyo "nusu ya mita". Ukiona mita zinazogoma zinabadilikabadilika, asubuhi hizi na jioni zile, usipande ngazi. Weka wait = 200, retries = 1, na upande wa dashibodi muda wa kusubiri uwe sekunde 3 au zaidi, daima mrefu kuliko foleni ya lango. Mita iliyoondolewa kwa matengenezo, iondoe na kwenye orodha ya kuulizwa.

Na wanaotumia ser2net kwa kazi hii halafu wanashangaa: ser2net ni programu safi kabisa, lakini inapitisha baiti kama zilivyo, haijui ombi linaanzia wapi wala linaishia wapi. Waulizaji wawili wakiingia humo, sentensi zao zinachanganyika. mbusd inawapanga foleni. Ni tofauti kati ya kikao chenye mwenyekiti na kikao cha mgawo wa mirathi.

Waya, kwa ufupi, kwa sababu haya yamesemwa mpaka basi. Zima kila kitu, weka multimita kati ya A na B, pima ohm. Ukipata karibu na 60, rezista mbili za 120 ziko mahali pake, moja kila mwisho. 120 maana yake kuna moja tu. 40 maana yake kuna mwenye huruma aliyeweka ya tatu. Kebo iende mita hadi mita, isitawanyike kama mizizi ya muhogo. A na B zipite kwenye jozi moja iliyosokotwa. Ukitumia kebo ya mtandao, usichukue waya mmoja kutoka kila jozi eti rangi zinapendeza. Waya wa tatu, wa rejeo, ufungwe. Mita haijibu kabisa? Geuza A na B kabla ya kumpigia mtu simu. Watengenezaji hawakuwahi kukubaliana ipi ni ipi, na kugeuza hakuunguzi kitu.

Kuna na mikasa ya USB, ambayo kusema kweli inakera. Adapta ya USB kwenda RS-485 yenye chipu ya CH340 kwenye Ubuntu 22.04 inaweza kuchomekwa na ikatoweka papo hapo, kwa sababu brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu, inadhani imepata mali yake: namba zake za utambulisho wa USB, 1a86:7523, zinafanana. Kama huna kifaa hicho, ondoa brltty. Adapta mbili za CH340 hazina namba za siri za kuzitofautisha moja na nyingine, hivyo umeme ukikatika na kurudi ttyUSB0 inaweza kuwa ttyUSB1, na usomaji wa pampu ukaanza kuonekana kwenye jenereta. Tumia /dev/serial/by-path na usichezee tundu. Kwenye adapta zenye chipu ya FTDI, latency_timer (milisekunde za kushikilia data kabla ya kuipitisha) inakuja ikiwa 16. Iweke 1 kama unabana muda.

Haya, wenye visanduku nao wana lao, nalikubali shingo upande. Kisanduku kizuri kinakaa kwenye reli ya DIN, kinakula volti 24, kina utengano wa umeme kati ya RS-485 na mtandao, na radi ikipiga karibu na pampu ya kisima huenda kikapona. Raspberry Pi yenye adapta ya bei ya chai haitapona. Na kadi ya SD kwenye eneo ambalo umeme unakatika mara tatu kwa siku itaharibika tu. Suala ni lini. Lakini adapta zenye utengano zinauzwa, mfumo wa faili unaweza kuwekwa wa kusoma tu, na hakuna kati ya hayo linalohusu programu kuwa ya bure au ya kulipia. Kisanduku nacho kina wait na retries, ila vimefichwa kwenye ukurasa wa nne wa menyu, kwa majina mengine.

Jambo moja zaidi. Modbus haina nenosiri. Anayefika kwenye poti 502 anaweza kusoma, na anaweza kuandika kwenye rejista ya inveta yako. Kufungua poti hiyo kwenye intaneti ili bosi aone dashibodi akiwa safarini ni wazimu. WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuingilia mtandao wako ukiwa mbali, ipo, nayo ni ya bure, samahani.

Basi ukipata 11, kabla ya kuandika chochote kuhusu vya bure, simamisha lango: systemctl stop mbusd@ttyUSB0. Kisha iulize mita moja kwa moja kwa mbpoll, programu ndogo ya kuuliza Modbus, tuseme ni ya saba, na thamani zake ni za desimali kwenye rejista za kusoma tu:

mbpoll -m rtu -a 7 -b 9600 -P none -t 3:float -B -r 1 -c 3 -1 /dev/ttyUSB0

Usisahau -P none, maana mbpoll ukiiacha hivihivi inatumia pariti ya shufwa. Ikijibu 230 na vipande, rudi kwenye hesabu za muda. Ikinyamaza, chukua bisibisi uende kwenye mita. Mbusd wakati huo haikuwepo hata eneo la tukio.