Bilinganya limenifata mpaka Japani

Jamani mi nimekulia Tanga, na kwa mama angu bilinganya lilikua kama mpangaji asiyelipa kodi, Jumatatu lipo, Jumanne lipo, Jumatano unaambiwa leo dagaa, unafunua sufuria unalikuta limejificha chini. Siku napanda ndege kuja huku Aichi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari nkajisemea haya bana, mi na we hesabu imeisha. Kumbe wapi.

Jana natoka shifti usiku nkapitia supamaketi kuvizia stika. Hapa usiku ukiingia anapita kijana na kimashine chake anabandika nusu bei kwenye nyama na samaki, na nyuma yake wazee wenye adabu mnooo, hakuna anayesukuma ila na wewe hupati kitu. Nkaambulia pakiti moja ya paja la kuku, na pembeni yake wamepanga mabilinganya, wao wanaita nasu, madogo meusi yananing'aria kama yananijua. Simu nayo ikanambia kaanga na hoho af malizia na miso, lile rojo lao la soya iliyochachushwa, dakika 10, chakula cha nyumbani, hata mtoto anaweza. Huyo mtoto nataka nimuone.

Kwanza wenyewe wanaweka nyama ya nguruwe, nkasema sawa, kuku ninaye. Mirin, pombe. Sake, hiyo hata usiulize. Nkageuza makopo ya miso yenyewe nyuma, kumbe mengine yametiwa spiriti ili yasiendelee kuchacha, yani nilisimama pale namulika maandishi kwa simu kama trafiki anayekagua leseni, mpaka nkapata Hatcho miso ya Okazaki hapa hapa mkoani kwetu, soya na chumvi basi, inachachushwa kwenye pipa la mbao zaidi ya miaka 2 huku juu wamerundika mawe. Rangi yake sasa! Halua kabisa ya Unguja. Nkachovya kidole nkalamba kwa imani yote ya halua. Ile chumvi ilinikumbusha madeni.

Nyumbani balaa la vipimo. Wanasema chumvi shosho, nkadhani jina la mtu, kumbe ni ile unayobana kwa vidole viwili, ukibana kwa vitatu inabadilika jina inaitwa hitotsumami. Vidole vya nani lakini? Mi vyangu vimeshika spana miaka yote. Mafuta ndo wameandika tekiryo, yani kiasi kinachofaa. Kama najua kinachofaa si nisingekua nasoma??

Af nasu haina huruma. Inakunywa mafuta, natia inakunywa, natia tena inakunywa, nkaona hii si mboga hii ni daladala bovu. Baadae ndo nasoma kwamba ilitakiwa ianze kulala upande wa ganda, ndo rangi yake inabaki na mafuta haibugii hivo. Na miso inakorogwa pembeni na sukari na maji kidogo inamwagwa mwisho kabisa, maana inaungua upesi. Sasa mi mtu wa pwani, kiungo nakijua kinaanza na kitunguu mafuta yakiwa ya moto, nkabwaga miso ya watu mwanzo kabisa. Moshi uliotoka hapo sina la kusema, chumba chenyewe kimoja, jiko la pleti moja, kitanda kiko hatua 3 kutoka kwenye kikaango.

King'ora cha darini kikaanza, "Kaji desu! Kaji desu!" yani "ni moto, ni moto", na hiyo desu ni ya heshima, nyumba inaungua na bado unaambiwa kwa adabu. Napepea na msuli huku nimepanda juu ya kiti, mlango unagongwa, bibi wa jirani. Akachungulia kikaango, akaniangalia, akauliza mke yuko wapi. Nkamwambia sina. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema kitu nkamuomba aseme kwenye simu, simu ikatafsiri: bilinganya la vuli usimlishe mkwe. Kumbe methali yao ya zamani, ya vuli ni matamu mno, mama mkwe hataki mke wa mwanae ayaguse.

Nkala hivo hivo na wali, kuku mchungu, nasu laini kama godoro. Saa nne usiku huku Tanga ni saa kumi jioni, nkampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekula nini?"

"Bilinganya."

Alicheka huyo, nkasubiri amalize. "Yani baba umekaa angani siku nzima, ukaenda kununua bilinganya! Na umeliunguza, nakujua."

Ili kubadili mada nkamwambia ile methali ya bibi. Ghafla kimya. Nyuma nasikia vyombo vinaoshwa, mke wa kaka angu huyo. Mama akashusha sauti mpaka chini kabisa.

"Hebu irudie tena, pole pole. Naandika."